Nywele ndefu na usiku wa baridi: namna ya kulala bila maumivu wala kunyonyoka

Kila tunapofungua simu kwa mada ya urembo, swali la usiku halikosekani. Msikilizaji mmoja amesuka rasta ndefu na hajui aweke wapi kichwa. Mwingine ana nywele zake mwenyewe zilizofika mabegani, lakini kila asubuhi anaokota vipande kwenye mto. Wa tatu ni mama ambaye binti yake amelia usiku kucha baada ya kusukwa. Redioni tunajibu kwa dakika mbili tatu, kisha muziki unaingia. Hapa nafasi ipo, kwa hiyo tunalieleza jambo hili tangu mwanzo, tukiangalia hasa hali ya huku kwetu Kidugala, Makambako na Njombe mjini, ambako baridi nayo ina mkono wake.

Kwa nini usiku

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Ukichubuka haujiponyi, unabaki hivyo hadi ukatike. Nywele za kipilipili zina udhaifu wa ziada kwa sababu zimejikunja, na kila mahali zinapojikunja ni mahali pa kukatikia. Vilevile mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye unywele uliojikunja, ndiyo maana ncha hukauka hata kama shina lina mafuta.

Sasa chukua kichwa hicho ukilaze saa saba au nane juu ya foronya ya pamba. Unageuka kulia, unageuka kushoto, na kila mgeuko ni msuguano. Pamba hunyonya: inachukua maji na mafuta uliyopaka jioni, inabaki navyo. Asubuhi nywele zimekauka, zimefungana, na chanuo linamalizia kazi.

Kabla hujaogopa unachokiona kwenye mto, kitazame vizuri. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zile zilizodondoka zenyewe ni ndefu na zina kijinundu cheupe upande wa shina. Vipande vifupi visivyo na kijinundu ni vya nywele zilizokatika, na hivyo ndivyo vya kushughulikia. Nywele zetu hukua kwa wastani pungufu ya sentimita moja kwa mwezi. Aliyefikisha sentimita 20 amezilea karibu miaka miwili au zaidi, halafu anazipoteza kwa sababu ya foronya.

Mzula unaotupa joto

Wanaoandika ushauri wa nywele wakiwa Dar es Salaam hawaifikirii Juni ya Njombe. Huku usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na zipo asubuhi tunazoamka tukikuta sakitu imetanda kwenye nyasi. Makambako kuna upepo juu ya baridi. Hapa hakuna anayelala kichwa wazi. Tunalala na mzula wa sufu, wengine na kofia ya sweta juu ya mzula.

Mzula huo ndio unaomaliza nywele za mbele. Sufu inakwaruza na kunyonya mafuta kuliko hata foronya, na pindo lake linakaa palepale kwenye paji la uso na juu ya masikio, mahali penye nywele nyembamba kuliko zote kichwani. Tumeshawasikia wasikilizaji wakilaumu mafuta, wakilaumu maji ya bomba, wakilaumu hata majirani, kumbe ni pindo la mzula.

Hatusemi uutupe. Weka kitu laini katikati. Kitambaa kinachofaa ni satini. Wengi hudhani satini ni aina ya uzi, lakini ni namna ya kufuma: nyuzi hupitishwa ndefu juu ya uso wa kitambaa, ndipo upande mmoja unang'aa na kuteleza huku wa pili ukiwa mfifu. Satini ya hariri ni ghali. Ya poliesta, ile ambayo mafundi cherehani wanaitumia kama bitana, inatosha kabisa. Upande unaoteleza ndio unaogusa nywele.

Nusu mita ya bitana inatoa kitambaa cha kufunga kichwa. Ukipita kwenye mitumba, gauni la kulalia la satini linatoa kofia na foronya, na pengine chenji inabaki. Fundi pia anaweza kukushonea bitana ndani ya mzula wako uleule, nasi tunaona hiyo ndiyo njia bora kwa watu wa huku, maana kofia ya satini peke yake haizuii baridi. Lastiki isibane. Ukivua asubuhi ukakuta mstari umechorwa kwenye paji la uso, kofia hiyo inakuumiza.

Kuhangaikia nywele usiku hakukuanza na satini. Waturkana na Wapokot wa Kenya, Wakaramojong wa Uganda na Wasomali wana vigoda vidogo vya mbao vya kulazia shingo. Waturkana wanakiita ekicholong. Wanaume wao walikuwa wakitengeneza nywele kwa udongo na kuzipamba kwa manyoya ya mbuni, kazi isiyorudiwa kila siku, kwa hiyo kigoda kiliinua kichwa kutoka ardhini usiku. Mchana kigoda hichohicho kilikaliwa.

Kila nywele na ulalaji wake

Kwa rasta ndefu, usizilalie mgongoni. Ukigeuka unazilalia na zinavuta shina. Zikusanye juu utosini kwa ulegevu, zifunge na kipande cha kitambaa, si mpira wa pesa, kisha uvae kofia kubwa. Zikiwa nyingi sana hata zinakuinua kichwa na kuumiza shingo, zisuke mkia mmoja mlegevu na uulaze pembeni juu ya mto. Yebo yebo na twende kilioni hazina shida hiyo: kitambaa cha satini kinatosha, kifungwe fundo upande, kisogoni linachokonoa.

Nywele asilia zilizoachwa wazi zigawe mabutu manne hadi sita, uyasokote kwa ulegevu. Paka mafuta kidogo kwenye ncha, maana ndizo kongwe na kavu kuliko zote. Nywele zenye dawa hulala vizuri zikichanwa na kuzungushiwa kichwa kama kilemba, halafu kitambaa juu yake. Zilizonyooka kwa asili zinataka mkia mmoja mlegevu, basi. Na ndugu zetu wenye dredi, ambao ni wengi wa kiume na hawapigi simu kuuliza, nao wanahitaji kofia. Nyuzi za blanketi zikiingia ndani ya dredi hazitoki tena.

Kofia ifuliwe kila wiki, na kila mtu awe na yake. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi unaoenea kwa watoto kupitia vitana, kofia na mito ya kushirikiana. Chawa hali kadhalika.

Usiku wa kwanza baada ya kusuka

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopotea zaidi. Imezoeleka kwamba msuko mzuri ni ule unaouma, na kwamba ukimeza panadol usiku wa kwanza na wa pili, wa tatu utalala. Wapo wanaojisifu kwamba hawawezi hata kufumba macho.

Maumivu hayo ni ngozi inayokuambia shina linang'olewa. Ukivutwa muda mrefu unapata upara wa kuvutwa: nywele zinarudi nyuma kuanzia kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio. Dalili za mwanzo ni vipele kwenye mashina, wakati mwingine vyenye usaha. Baadaye ngozi inabaki wazi, na mara nyingi mbele yake kunabaki mstari wa vinywele vifupi vyembamba vinavyoonyesha nywele zilikuwa zinaanzia wapi. Ukiachia mapema nywele zinaota tena. Ukiendelea miaka, shina hugeuka kovu, na hapo hakuna mafuta wala dawa ya kuotesha itakayolirudisha, hata muuzaji aape.

Si tatizo la wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika kwa watu wazima jijini Cape Town, Afrika Kusini, ulikuta hali hiyo kwa karibu theluthi moja ya wanawake, wakati kwa wanaume ilikuwa asilimia 2 na kidogo.

Kwa hiyo mwambie msusi wako alegeze angali anasuka. Sema, "Dada, hapa mbele panavuta," naye atakusikia. Wasusi wengi hukaza kwa sababu wateja wamezoea kupima ubora kwa kukazwa. Ukifika nyumbani bado inauma, lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu ubandike kwenye mashina. Usifunge nywele juu usiku huo, maana unaongeza mvuto juu ya mvuto. Kama hulali kabisa, fumua mistari ya mbele. Najua inauma pia mfukoni, lakini mistari minne husukwa upya kwa bei ndogo.

Watoto wa likizo

Shule zetu nyingi zinataka wasichana wanyoe au wawe na nywele fupi. Likizo ya Juni ikifika, kila binti anataka rasta, na mama anataka kumfurahisha. Matokeo yake nywele za sentimita mbili tatu zinabeba rasta za kufika kiunoni, katika mwezi wenye baridi kali, chini ya mzula wa sufu. Nywele fupi haina pa kushikia, kwa hiyo msusi analazimika kukaza kwenye ngozi. Mtoto akilia usiku asiambiwe avumilie urembo. Kwa urefu huo mpe yebo yebo au mabutu ya nywele zake. Rasta zikilazimika ziwe nyepesi na ziishie mabegani.

Nywele mbichi na jiko la mkaa

Wengi wetu huosha nywele Jumamosi jioni ili Jumapili twende kanisani tukiwa safi, halafu tunalala nazo zikiwa mbichi. Kulala na nywele mbichi hakuleti mafua yenyewe, maana mafua ni virusi. Tatizo ni kwamba unywele wenye maji hunyumbuka na kukatika upesi, na msuko uliofunikwa ungali mbichi hutoa harufu na kuwapa fangasi makazi. Rasta zikishika maji zinakuwa nzito pia, zinavuta. Osha Jumamosi asubuhi, jua la mchana likusaidie.

Jambo moja tunalisema kwa ukali. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili nywele zikauke na kitanda kipate joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kwa kuisikia. Wengine hawaamki kabisa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, hata likiwa limebaki makaa tu. Na rasta za plastiki hushika moto haraka sana, kwa hiyo mshumaa au kibatari visikae karibu na kichwa cha kitanda umeme unapokatika.

Lini uende hospitali

Vipele vya usaha visivyopoa baada ya kufumua, ngozi inayong'aa bila vinyweleo, au nywele zinazotoka kwa mabaka ya duara hazihitaji kofia mpya, zinahitaji mtaalamu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kumwona mtaalamu wa ngozi. Nchini wapo maofisa tabibu waliosomea ngozi: kituo cha mafunzo cha kanda kilichopo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kinawafundisha tangu miaka ya 1990. Nenda ukiwa umeshafumua, bila kupaka kitu, ili aone ngozi ilivyo.

Msuko wowote wa rasta usizidi wiki 6 hadi 8. Na kwa wazazi wa wanafunzi, fumueni siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, mchana, kwa zamu ya watu wawili. Kufumua usiku wa mwisho kwa taa hafifu, mtoto anasinzia na mama anavuta, hutoa nywele nyingi kuliko mwezi mzima wa kulalia foronya ya pamba.