Vumbi la Buluu la Prieska

Asbesto ya buluu ilianza kuchimbwa kibiashara Kaskazini mwa Cape, Afrika Kusini, mwaka 1893, kampuni ya Cape Asbestos ilipoundwa mjini London. Ni jiwe linalochambuka kama pamba. Haliungui, na asidi hailiwezi.

Kulichambua ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Waliketi chini, nyundo mkononi, wakigonga jiwe hadi uzi uachane na mwamba, kitoto kichanga kikilala pembeni katika vumbi lilelile. Baadaye kinu kilijengwa Prieska, mji wa eneo hilohilo, vumbi likahamia mjini.

Mwaka 1956 mwanapatholojia J. C. Wagner, huko Johannesburg, alipasua maiti ya mtu aliyedhaniwa kufa kwa kifua kikuu. Alikuta uvimbe mzito, wenye utelezi, umelifunika pafu, na ndani ya pafu chembe za asbesto. Kule Kimberley, Dkt. Sleggs wa hospitali ya kifua kikuu alikuwa na fumbo lake: wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka mashariki walipata nafuu kwa dawa, wa magharibi hawakupata. Magharibi ndiko iliko milima ya asbesto.

Pamoja na daktari mwenzao Paul Marchand, wawili hao walichapisha matokeo mwaka 1960: wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, na 32 kati yao walielekea kuwa wamekutana na asbesto ya buluu. Baadhi hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Walikulia jirani tu. Hapo ndipo palipotisha, maana ugonjwa ulikuwa haumwulizi mtu kazi yake. Nyuzi zikivutwa hufika kwenye utando wa mapafu, mwili ukashindwa kuzimeng'enya, na saratani huweza kuzuka miaka 20 hadi 40 baadaye, hata zaidi.

Ripoti hiyo haikufunga migodi. Uzalishaji uliendelea kupanda hadi miaka ya 1970.

Waathirika wapatao 7,500 waliishtaki Cape huko Uingereza, na mwaka 2000 Baraza la Malordi likaamua kesi isikilizwe hukohuko. Mwaka 2003 kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 7.5: ukigawa sawasawa, kama pauni 1,000 kwa kila mtu.

Afrika Kusini ilipiga asbesto marufuku mwaka 2008. Kufikia hapo, masalia ya migodi yalikwisha kumwagwa barabarani na kufyatuliwa matofali ya nyumba.