Hubble: Kioo kilichochongwa kwa usahihi, lakini kwa umbo lisilo lake

Darubini ya Hubble ilipelekwa angani na chombo cha Discovery tarehe 24 Aprili 1990, baada ya Marekani kuigharimia zaidi ya dola bilioni moja. Nuru ya nyota huangukia kioo chake kikuu chenye upana wa mita 2.4, hurudishwa kwenye kioo kidogo kilicho mbele yake, kisha hupenya tundu la katikati ya kioo kikuu na kuzifikia kamera.

Majuma machache baadaye wataalamu waliona kila nyota imezungukwa na utando wa nuru. Walikisogeza kioo kidogo mbele na nyuma, lakini utando haukwisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa dalili kuu. Vioo visivyopangwa sawa hurekebishwa kwa kusogezwa. Kioo kilichochongwa vibaya hakina mahali ambapo miali yote hukutana. Hapa miali ya ukingoni ilikutana mbali zaidi kuliko ile ya katikati, kwa kuwa ukingo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban sehemu 2 za elfu za milimita. Mwezi Juni shirika la NASA lilitangaza hitilafu hiyo.

Kamati iliyoongozwa na Lew Allen ilichunguza kiwanda cha Perkin-Elmer, Connecticut, ambako kifaa kilichotumika kupima umbo la kioo kilikuwa kingali kimehifadhiwa. Lenzi moja ndani yake ilikuwa imekaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vipimo vya vifaa vingine vilikuwa vimekwisha kuonyesha kasoro, vikapuuzwa kwa kuwa kifaa hicho kiliaminiwa kuliko vyote. Kupuuza huko kunastahili lawama zaidi kuliko lenzi yenyewe.

Hata hivyo, kioo kilikuwa kimesuguliwa kwa usahihi mkubwa mno, na kosa ambalo kipimo chake chajulikana huweza kufutwa kwa kosa la kinyume chake. Desemba 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour walitoka nje mara 5. Waliweka kamera mpya yenye vioo vya kurekebisha nuru, pamoja na COSTAR, kisanduku cha vioo vidogo kilichovisahihishia nuru vifaa vingine vitatu. Ili kukipatia nafasi, kifaa cha kupimia mng'ao wa nyota kiliondolewa.

Kioo kikuu hakikuguswa, na kasoro yake ingalipo. Vifaa vilivyopelekwa baadaye viliundwa vikiwa na marekebisho ndani yake, na mwaka 2009 COSTAR ilirudishwa duniani.