Karanga za Mwingereza na Mvua ya Nachingwea

Mtaje Nachingwea mbele ya kijana wa Dar, atakwambia korosho. Mwingine aliyesoma soma kidogo atakwambia kambi ya FRELIMO. Mzee atakwambia karanga, halafu atacheka. Hebu tuanze na kicheko cha mzee.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani haina mafuta ya kula ya kutosha. Ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na wenzake wawili, watafute ardhi ya karanga. Wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa kwenye ndege! Wakarudi na mpango wa eka zaidi ya milioni tatu, mashamba makubwa 107. Kati ya hayo, 55 yawe Jimbo la Kusini, na makao yake Nachingwea.

Sasa msomaji, mvua ya huku ikoje? Ukanda wa mvua hulifuata jua. Mwisho wa mwaka hushuka kusini, halafu hurudi kaskazini. Tanga hupita mara mbili kwa nafasi, ndiyo maana wana vuli na masika. Bonde la Mbwemkuru liko kusini zaidi, kwa hiyo kushuka na kurudi kunakaribiana mno. Msimu unakuwa mmoja: Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kusi ikishika, basi tena, kukavu, na mto wenyewe unabaki mchanga na madimbwi.

Lakini katikati ya msimu huo kuna pengo. Mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua hukatika, wiki moja, mara nyingine mbili. Karanga iliyopandwa Desemba ndiyo kwanza iko kwenye maua. Ukijumlisha mvua ya mwaka pengo hili hulioni kabisa. Jumla inapendeza, mimea inanyauka.

Hesabu za jumla zilikwisha kuwaumbua kule Kongwa. Mvua ilipokata, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, karanga zimo ndani, hazing'oki. Nachingwea, kusema kweli, siwezi kudai Februari ndiyo iliyoua mpango. Kulikuwa na msitu mgumu, matrekta mabovu, na bandari ya Mtwara na reli vilikuwa bado vinajengwa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikanawa mikono, na hasara ya pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu lilikuwa pale pale, kwenye mashamba ya Wamwera. Mtama na mhogo, mbegu hazipandwi siku moja, zao hili likikosa lile linapata. Mtu aliyeko kwenye ndege anaona vurugu tu. Kumbe huyo mkulima anaijua Februari.

Na korosho je? Mkorosho hutoa maua wakati wa kiangazi, baada ya Juni, na mvua ikiuwahi maua huharibika. Ile miezi mikavu ambayo kwa karanga ni hasara, kwake ndiyo mavuno. Leo ukitoka Nachingwea kwenda Ruangwa, ni mikorosho huku na huku.