George Lansbury, Udiwani na Mgogoro wa Kodi katika Manispaa ya Poplar, London, 1893–1925

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kampeni na vipaumbele vya kisera vya George Lansbury, diwani wa Manispaa ya Poplar, mashariki mwa London, tangu alipoingia katika utumishi wa umma mwaka 1893 hadi hukumu ya Baraza la Malodi ya mwaka 1925. Hoja kuu ni kwamba ahadi za huduma kwa maskini zilitolewa na wanasiasa wengi wa kizazi chake, lakini Lansbury na wenzake walihamisha mjadala kutoka swali la nini kifanyike hadi swali la nani alipe. Makala yanaonesha kuwa dai lililoingizwa katika sheria lilidumu, ilhali lile lililobaki katika hiari ya baraza lilibatilishwa na mahakama.

1.0 Utangulizi

Lansbury, aliyezaliwa mwaka 1859, hukumbukwa zaidi kama mpinga vita aliyekiongoza Chama cha Labour kati ya mwaka 1932 na 1935. Kumbukumbu hiyo huifanya miaka yake ya udiwani ionekane kuwa utangulizi tu wa siasa za kitaifa. Makala haya yanachukua mkabala tofauti. Yanauchukulia udiwani kuwa uwanja kamili wa siasa, wenye wapigakura wake, bajeti yake na mipaka yake ya kisheria, na yanafuatilia namna diwani mmoja alivyoifikia mipaka hiyo na kuivuka.

2.0 Muktadha: Mji Maskini Unaolisha Maskini Wake

Poplar ilikuwa kando ya Mto Thames, eneo la gati na viwanda. Wakazi wengi walikuwa vibarua wa bandarini waliochukuliwa kazini kwa siku au hata kwa saa chache. Meli zisipokuja, hapakuwa na ujira, na familia iliishi kwa mkopo wa dukani au kwa kuweka vitu rehani.

Mapato ya manispaa yalitegemea kodi ya majengo, iliyokadiriwa kwa kuzingatia thamani ya pango. Kwa kuwa nyumba za Poplar zilikuwa na thamani ndogo, kiwango kilekile cha kodi kiliingiza fedha kidogo sana kikilinganishwa na Westminster, penye maduka makubwa, ofisi na makazi ya matajiri. Ili kupata kiasi sawa cha fedha, Poplar ilipaswa kuwatoza watu wake viwango vya juu zaidi.

Sheria ya maskini iliongeza uzito wa tatizo hilo. Tangu mwaka 1867 kulikuwapo mfuko wa pamoja wa London uliochangia gharama za maskini waliowekwa katika nyumba za maskini, lakini msaada waliopewa watu wakiwa majumbani mwao ulibaki kuwa mzigo wa eneo husika. Kwa hiyo, eneo lenye wahitaji wengi lilikuwa pia ndilo lenye uwezo mdogo wa kuwasaidia, na lililazimika kugharimia lenyewe njia ya msaada iliyoiacha familia pamoja.

3.0 Kampeni za Kura, 1893–1919

Lansbury alichaguliwa mwaka 1893 kuwa mjumbe wa bodi ya usimamizi wa maskini wa Poplar. Akishirikiana na Will Crooks, alishughulikia mambo yaliyoonekana madogo kwa watawala lakini yaliyogusa utu wa waliohudumiwa: ubora wa chakula, sare ya aibu na lugha ya watumishi wa nyumba ya maskini. Mwaka 1903 aliingia katika Baraza la Manispaa. Kati ya mwaka 1905 na 1909 alikuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme iliyochunguza sheria za maskini, akawa miongoni mwa waliotia saini ripoti ya wachache iliyotaka mfumo huo uvunjwe.

Kampeni zake za ubunge zilikuwa na historia ya kushindwa mara nyingi kabla ya ushindi wa Desemba 1910 katika jimbo la Bow na Bromley. Mwaka 1912 alijiuzulu kwa hiari ili uchaguzi mdogo uwe kura ya maoni juu ya haki ya wanawake kupiga kura. Alishindwa kwa kura 751. Tukio hilo lina uzito katika uchambuzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, wanawake ambao jambo hilo liliwahusu moja kwa moja hawakuwa na kura ya kumrudisha bungeni. Pili, aliwaomba wanaume wa Bow waamue juu ya kanuni moja tu, wakati maisha yao yalitawaliwa na pango, ujira na bei ya mkate.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1918 yalipanua haki ya kupiga kura kwa wanaume na wanawake wengi. Katika uchaguzi wa mabaraza wa Novemba 1919, Labour ilipata viti 39 kati ya 42 vya Poplar, na Lansbury akawa meya wa kwanza wa chama hicho katika manispaa hiyo.

4.0 Vipaumbele vya Baraza Jipya

Baraza jipya lilitilia mkazo nyumba, afya ya mama na mtoto na usafi wa mji. Hata hivyo, uamuzi uliozua ubishi mkubwa ulikuwa wa mwaka 1920, wa kuweka kima cha chini cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki kwa wafanyakazi wa manispaa, wanaume na wanawake sawasawa. Wazo la usawa ambalo mwaka 1912 lilikuwa suala la kanuni sasa liliingia katika orodha ya malipo ya wafagiaji na wasafishaji.

Utekelezaji huo uligongana na mdororo wa uchumi. Kufikia katikati ya mwaka 1921, wasio na kazi nchini Uingereza walizidi milioni 2. Poplar ilikuwa na njia mbili: kupandisha kodi kwa wapangaji ambao wenyewe walikuwa karibu kuomba msaada, au kupunguza msaada. Baraza liliona kuwa njia zote mbili zilimrudishia maskini mzigo uleule.

5.0 Mgogoro wa Mwaka 1921

Kodi iliyokusanywa na manispaa ilijumuisha michango ya mamlaka za London nzima, likiwamo Baraza la Kaunti ya London na polisi. Machi 1921 madiwani wa Poplar waliamua kutotoza sehemu hiyo ya kodi. Fedha zilizokusanywa zingetumika ndani ya Poplar, na mamlaka za jiji zingelazimika kuuliza kwa nini mji maskini haulipi.

Mamlaka hizo zilikwenda mahakamani. Tarehe 29 Julai, madiwani waliandamana kutoka ukumbi wa manispaa hadi Mahakama Kuu, wakifuatana na bendi na maelfu ya wakazi. Walipokataa kutii amri ya mahakama, madiwani 30 walifungwa mwanzoni mwa Septemba: wanaume 25 katika gereza la Brixton na wanawake 5 katika gereza la Holloway. Lansbury alikuwa na umri wa miaka 62. Mwanawe Edgar na mkwewe Minnie walikuwa miongoni mwa wafungwa. Baraza liliendelea kufanya vikao gerezani, na wanawake walisafirishwa hadi Brixton ili kuhudhuria.

Serikali ilianza kulegea pale mabaraza jirani ya Bethnal Green na Stepney yalipoamua kufuata mkondo huo. Madiwani waliachiliwa tarehe 12 Oktoba, na Novemba Bunge lilipitisha sheria iliyoingiza gharama za msaada wa majumbani katika mfuko wa pamoja wa London. Maeneo tajiri yalianza kuchangia mzigo huo.

6.0 Tathmini

Ushindi huo haukukosa gharama wala wapinzani. Minnie Lansbury aliugua homa ya mapafu na kufariki tarehe 1 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 32. Ndani ya Labour yenyewe, Herbert Morrison wa Hackney aliona kuwa chama kilichotaka kuaminiwa na umma kilipaswa kuthibitisha kwamba kinaweza kutawala kwa kufuata sheria. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa: baraza moja likizuia fedha za jiji, baraza tajiri nalo laweza kesho kudai haki ileile. Utetezi wa Poplar ulikuwa kwamba njia za kawaida zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi bila matokeo, na ripoti ya wachache ya mwaka 1909 ilikuwa ushahidi wa hilo.

Aidha, si sahihi kumpa Lansbury peke yake sifa ya tukio hili. Mwaka 1921 meya alikuwa Sam March, na madiwani kama Susan Lawrence na Julia Scurr walibeba sehemu kubwa ya kazi. Nguvu ya Lansbury ilikuwa katika kuwaunganisha watu hao na wapigakura waliomfahamu kwa takribani miaka 30.

Hatima ya kima cha chini cha mshahara inatoa somo la upande wa pili. Gharama za maisha ziliposhuka, baraza liliendelea kulipa pauni 4. Mkaguzi wa hesabu aliwatoza madiwani pauni 5,000 kwa matumizi yaliyozidi, na mwaka 1925 Baraza la Malodi, likiwa mahakama ya juu kabisa, lilikubaliana naye. Lilitamka kwamba hiari ya baraza katika kulipa mishahara ina mipaka ya kisheria, na kwamba usawa wa malipo kati ya wanaume na wanawake haukutosha kuihalalisha.

7.0 Hitimisho

Mageuzi ya mfuko wa pamoja yalidumu kwa sababu yalikuwa sheria ya Bunge yenye chanzo cha mapato kinachojulikana. Mshahara wa pauni 4 ulitegemea wingi wa kura barazani, na wingi huo haukuweza kuulinda mbele ya mkaguzi na majaji. Kisa cha Poplar kinaonesha kwamba diwani anayeorodhesha mahitaji ya kata yake bila kugusa mgawanyo wa mapato huwaahidi watu kile ambacho wao wenyewe watatozwa ili wakipate.