Mashine Pepe Katika Njia Panda ya Nzega: Historia ya Kujifunza Usimamizi wa Seva

Mji wa Nzega, ulio kaskazini mwa Tabora kwa zaidi ya kilomita 100, umekaa mahali ambapo barabara itokayo Singida kwenda Shinyanga na Mwanza hukutana na ile iendayo Tabora, na kwa sababu hiyo historia yake haitenganishiki na historia ya watu wapitao na mizigo waipitishayo. Katika karne mbili zilizopita mizigo hiyo imekuwa pembe za ndovu, chumvi, pamba, dhahabu na, katika miaka ya karibuni, data zinazosafiri katika nyaya za kioo. Kila mzigo ulihitaji watu wenye ujuzi wa kuusimamia, na ujuzi huo ulikuwa na njia yake ya kufundishwa. Makala haya yanachunguza namna ujuzi mmojawapo, yaani usimamizi wa seva na hasa wa mashine pepe, ulivyochelewa kuifikia nchi ya Unyamwezi, ambamo Nzega imo, ulivyofika hatimaye, na masharti ambayo chini yake msimamizi chipukizi wa mifumo amejifunza kazi yake.

Ujuzi wa kwanza ulioipa nchi hiyo sifa ulikuwa wa msafara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, kitongoji cha Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta Wanyamwezi wakiwa wamekwisha kuifanya safari ya pwani kuwa kazi yenye madaraja na heshima zake, na Speke mwenyewe alipita nchi ya Wanyamwezi wa kaskazini mwaka uliofuata alipokuwa akilitafuta ziwa tuliitalo leo Victoria, ambalo aliliona tarehe 3 Agosti 1858. Kijana hakuanza kwa kubebeshwa mzigo kamili, ambao kwa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Burton aliandika kwamba hata watoto walionekana wakibeba vipembe vidogo mabegani, wakitembea pamoja na wakubwa wao, wakijifunza mwendo, visima, kambi na namna ya kukaa na watu wa nchi zilizolipwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Aliyemudu akawa mpagazi kamili, na wachache waliozijua njia na kuaminiwa na wenzao wakawa viongozi wa mbele walioitwa kirangozi. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mwanafunzi alijifunza ndani ya kazi yenyewe, kwa mzigo ambao angeuangusha bila kuuangamiza msafara mzima.

Reli iliubadili utaratibu huo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928 lilipita Bukene, ndani ya wilaya ya Nzega, likiuacha mji wa Nzega wenyewe kando. Mitambo sasa ilikuwa mali ya shirika, mafunzo yakawa ya darasani na karakanani, na kijana wa Nzega aliyetaka kugusa injini au kifaa cha simu za upepo alilazimika kwanza kuajiriwa.

Kompyuta zilipoingia Tanzania zilifuata mfano huo wa reli kwa ukali zaidi. Kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya miaka michache ikafuatwa na mashine kubwa zaidi za kampuni ya ICL zilizotarajiwa kuendesha hesabu za serikali nzima. Matarajio hayo hayakutimia, kwa kuwa wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, mfumo wa hesabu ulitegemea wageni, na ulipoharibika hapakuwa na watu wa kutosha wa kuutengeneza, hivyo hesabu zikarudishwa kwenye vitabu vya mkono. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa idhini maalumu. Amri hiyo mara nyingi husimuliwa kama woga wa teknolojia, lakini hukumu hiyo haiitendei haki. Serikali ilikuwa imelipa gharama kubwa kwa mitambo ambayo haikuwa na watu wa kuisimamia, na katika nchi iliyokuwa na upungufu wa fedha za kigeni uamuzi wa kufunga mlango ulieleweka. Kosa kubwa zaidi lilitangulia amri yenyewe, nalo ni kununua mitambo kabla ya kuwaandaa mafundi.

Mwaka huohuo wa 1974, huko Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala yaliyoeleza masharti ambayo kompyuta sharti iyatimize ili iweze kubeba mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo lake la chuma. Ni programu inayopewa sehemu ya prosesa, sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski ya kompyuta halisi, ikawashwa na kuzimwa kama kompyuta kamili, ikiwa na mfumo wake endeshi na anwani yake ya mtandao, bila kujua kwamba inaishi pamoja na nyingine ndani ya sanduku moja. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, mashine pepe huitwa mgeni, na programu inayowagawia wageni rasilimali na kuwazuia wasiingiliane huitwa haipavaiza. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kufanyiwa kazi na IBM katika maabara yake ya Cambridge, Massachusetts, kati ya mwaka 1964 na 1967, na mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wake wa VM/370. Sababu yake ilikuwa ya kiuchumi: mashine ilikuwa ghali na watu waliotaka kuitumia walikuwa wengi, basi kila mmoja akapewa mashine yake isiyo ya kweli ndani ya ile ya kweli. Upungufu uleule ambao huko Dar es Salaam ulifunga milango, kwingineko ulizaa mbinu ya kugawana.

Marufuku ililegezwa hatua kwa hatua, na kufikia miaka ya 1990 kompyuta za mezani zilikuwa zikiingia katika ofisi, vyuo na mashirika. Mwaka 1995 kikoa cha .tz kilisajiliwa, na mwaka 1999 kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa kampuni, UCC, kikitoa huduma na mafunzo. Hata hivyo msimamizi wa seva wa kizazi hicho alijifunzia kwenye seva halisi iliyokuwa kazini, mara nyingi ikiwa ndiyo pekee ofisini. Aliyekosea alizima barua pepe za taasisi nzima, na kwa hiyo chipukizi alizuiwa kuigusa. Alifundishwa kubadili wino wa printa, kusafisha virusi na kuvuta nyaya, akisubiri mkubwa wake ahamishwe. Miaka mingi ya vijana wenye vipaji ilipotea katika kungoja huko, na hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu za shirika lolote.

Mabadiliko yalitoka mahali pasipotarajiwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilionyesha mwaka uliofuata kwamba prosesa za kawaida za kompyuta za mezani, ambazo kwa asili hazikuyatimiza masharti ya Popek na Goldberg, zingeweza kubebeshwa mashine pepe kwa ufundi wa programu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa haipavaiza iitwayo Xen. Mwaka 2005 na 2006 kampuni za Intel na AMD ziliingiza msaada wa kazi hiyo ndani ya prosesa zenyewe. Na mwaka 2007 haipavaiza ya KVM ikawa sehemu ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, mwaka ambao pia programu ya mashine pepe ya VirtualBox ilitolewa kwa watu wote. Kwa kampuni kubwa faida ilikuwa kupunguza idadi ya seva. Kwa mwanafunzi aliye mbali na Dar es Salaam faida ilikuwa kubwa kuliko hiyo, kwa sababu kompyuta moja ya mkononi sasa iliweza kubeba mtandao mzima wa mazoezi, ambao angeuvunja usiku na kuujenga upya kabla ya kulala.

Nyaya zilifuata. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, na katika kipindi hichohicho Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliojengwa kwa mkopo wa China, ulianza kutandazwa kuelekea mikoani, Tabora ikiwemo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilikuwa na koleji nzima ya masomo ya kompyuta, na kwa kijana wa Nzega Dodoma ilikuwa karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Mwaka 2011 Jukwaa la Waendesha Mitandao wa Afrika, AfNOG, ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa likiwafundisha mafundi wa bara hili kwa warsha za vitendo, lilikutana Dar es Salaam. Warsha za namna hiyo, ambamo fundi humfundisha fundi huku kila mmoja akiwa mbele ya mashine yake, zimelijenga bara hili kuliko semina nyingi za kutoa vyeti.

Inafaa kueleza kwa karibu kile ambacho chipukizi hujifunza, kwa kuwa kazi hii kwa nje huonekana kama kubofya vitufe. Somo la kwanza ni la kugawa. Mwenyeji mwenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 anaweza kuahidi wageni watano gigabaiti nne kila mmoja, na ahadi hiyo itashika siku zote ambazo wageni hawadai haki yao kwa pamoja. Wakidai, mwenyeji huanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na mfumo wote hutambaa. Somo la pili ni la snapshoti, yaani kuigandisha hali ya mashine ilivyo kwa dakika fulani ili iweze kurudishwa hapo. Anayeanza huipenda mno. Huchukua snapshoti kabla ya kusasisha programu, sasisho likifaulu akaisahau, naye hajui kwamba tangu dakika ile kila badiliko linaandikwa katika faili jipya linalokua siku baada ya siku. Baada ya miezi faili hilo huijaza diski ya mwenyeji, na hapo wageni wote husimama kwa pamoja, hata wale ambao hawakuhusika. Ndipo hufahamu kwamba snapshoti si bakapu, kwa kuwa inakaa kwenye diski ileile, na diski ikifa vinakufa vyote viwili.

Somo la tatu ni la umeme, na katika miji ya magharibi mwa Tanzania ndilo linalowapambanua mafundi. UPS, yaani betri inayoshika mzigo umeme unapokatika, hutoa dakika chache tu, na katika dakika hizo wageni wanapaswa kuzimwa mmojammoja kabla ya mwenyeji, kwa maana mgeni aliyekatiwa ghafula akiwa anaandika hifadhidata anaweza kuamka na majedwali yaliyoharibika. Umeme ukirudi kuna mpangilio pia: kwanza huduma ya majina ya mtandao, kisha hifadhidata, kisha mfumo unaoitegemea hifadhidata hiyo. Mashine iliyogandishwa na kuamshwa baadaye inaweza pia kuamka na saa ya jana, na mfumo unaotoa risiti ukatoa risiti za tarehe isiyo ya kweli, kosa dogo kwa kompyuta na zito kwa mkaguzi wa hesabu. Mpangilio huo huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa sababu mtandao ukiwa umezimika hakuna atakayeweza kuusoma kwenye kompyuta.

Wakati ujuzi huu ukienea, seva zenyewe zilianza kuondoka. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, ikawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na mifumo mingi ya malipo, mishahara, manunuzi na mapato ya halmashauri imekuwa ikiendeshwa kutoka katika vituo vya data vya taifa. Kwa usalama na gharama uamuzi huu una hoja nzito, maana hakuna halmashauri ya wilaya inayoweza kuulinda mfumo wa fedha usiku na mchana kama kituo kikuu kinavyoweza. Lakini una upande ambao historia ya mwaka 1974 inautia wasiwasi. Afisa TEHAMA wa wilaya, ambaye cheo chake kinatokana na teknolojia ya habari na mawasiliano, anabaki na kazi ya kufungua akaunti za watumishi, kuripoti hitilafu na kusubiri majibu, huku mashine pepe anazozihudumia zikiwa mahali asipopaona. Nchi inaweza kujikuta tena na mitambo mizuri sehemu moja na watu wachache mno wanaoielewa, na safari hii upungufu usionekane hadi siku kituo kikuu kitakapohitaji mafundi wengi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo seva zinazobaki wilayani zina thamani inayozidi kazi zinazofanya. Hospitali, vyuo, shule na vyama vya ushirika bado vina mahitaji ambayo mtambo mdogo wa ndani huyatimiza vizuri, hasa siku ambazo mawasiliano yamekatika, na seva kuukuu iliyoondolewa kazini yenye diski mbili nzima inatosha kuwa karakana ya vijana wanne. Gharama ya programu haiwezi tena kuwa kisingizio. Broadcom ilipoinunua VMware mwishoni mwa mwaka 2023 na kufuta leseni za kununua mara moja, taasisi nyingi duniani zilianza kuhamia kwenye mifumo huria kama Proxmox, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2008 na imejengwa juu ya KVM ileile ambayo mwanafunzi asiye na fedha amekuwa akijifunzia kwenye kompyuta yake. Katika uhamaji huo, kijana wa Nzega aliyejifunza kwa mifumo ya bure ana ujuzi ambao wakubwa wake wa mijini, waliozoea leseni za kulipiwa, sasa wanalazimika kuutafuta.