Scrabble: Umekwama na Q na Huna U? Haya Hapa Maneno, Mengi Unayajua Tayari

Gemu iko karibu kuisha, mfuko hauna kitu, na mkononi umebaki na Q. U zote nne zishachezwa. Msee mnayecheza naye amebakisha herufi mbili na anakucheka kwa macho. Maze, hapo ndio gemu nyingi huenda.

Piga hesabu. Kwa zile herufi 100, Q iko moja tu na ina pointi 10. Ukimaliza nayo mkononi unakatwa hizo 10, na mwenye amemaliza kwanza anaongezewa 10. Hiyo ni tofauti ya 20 juu ya herufi moja.

Habari njema: Kizungu iko na maneno kibao ya Q bila U. Na ukiwa mtu wa Kiswahili, uko mbele ya wengi.

Mbona Q hutembea na U?

Zamani Waingereza hawakuandika hivyo. Neno la malkia lilikuwa CWEN. Wanormani walipoteka Uingereza mwaka 1066, waandishi wao walikuja na mtindo wa Kilatini na Kifaransa, na pole pole CW ikawa QU. Ndio tukapata QUEEN.

Maneno ya Q bila U yaliingia baadaye kutoka lugha zingine, na Kiarabu ndio kimechangia sana. Kiarabu kina sauti mbili karibu na K: kaf na qaf. Wazungu wakiandika qaf walichukua Q. Sisi kwa Kiswahili tuliweka K tu tukaendelea na maisha. Kwa hivyo neno ni lilelile, limebadilisha nguo.

Haya unayajua tayari

- QAT: miraa. Ndio, ile ya Meru. KHAT na KAT pia zinakubalika, kwa hivyo jaba iko na njia tatu za kukuokoa.
- SUQ: soko. Neno letu "soko" lilitoka hapo.
- QADI: kadhi, kama wale wa Mahakama ya Kadhi.
- TALAQ: talaka.
- WAQF: wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya dini.
- FAQIR: fakiri.
- QIBLA: kibla, upande Waislamu huelekea wakiswali.
- NIQAB: nikabu.
- QASIDA: kasida.

Lakini usianze kugeuza kila K kuwa Q. "Kitabu" kilitoka kwa neno linaloandikwa na kaf, kwa hivyo QITAB hakuna. Shika yale yako kwa orodha.

Haya ni ya kukariri

- QI: nguvu ya uhai kwa imani ya Wachina. Hili ndio la kwanza kushika, kwa sababu ni herufi mbili tu. Wingi ni QIS.
- QIGONG: mazoezi ya kupumua na kunyoosha mwili, pia kutoka Uchina.
- QOPH: herufi ya Kiebrania.
- QANAT: mtaro wa maji chini ya ardhi, kama ile ya Iran.
- TRANQ: kifupi cha dawa ya kutuliza.
- QWERTY: angalia kibodi ya simu yako, mstari wa juu kutoka kushoto. Ni neno halali, na wingi unakubalika kama QWERTYS au QWERTIES.

IRAQ na QATAR hapana. Majina ya nchi hayachezwi.

Vile QI huleta pointi 62

Tafuta neno limelala kwa bodi na linaishia na I, kama TAXI, na juu ya hiyo I kuna kiboksi cha kuzidisha herufi mara tatu. Weka Q kwa hicho kiboksi, na I yako kulia kwake. Umeunda QI ya kulala na QI ya kusimama kwa mpigo mmoja. Q inahesabiwa 30 pande zote mbili, I moja moja, jumla 62. Hakikisha tu hiyo I yako haijagusa neno lingine.

Vile utajitafutia mengine

Fungua OneLook kwa simu. Nyota ni herufi zozote, na alama ya kuuliza ni herufi moja. Ukiandika q??? unapata maneno ya herufi nne yanayoanza na Q. Ukiandika *q unapata yanayoishia na Q. OneLook huchanganya kamusi nyingi, so ukipata neno, lihakiki kwa orodha ya Scrabble kabla ulitegemee.

Kama uko na orodha kwa kompyuta na programu yako inaelewa alama za utafutaji, andika q[^u]. Maana yake ni Q ikifuatwa na herufi yoyote ila U. Inashika QAT, FAQIR na WAQF. Haishiki TALAQ, SUQ wala TRANQ, kwa sababu hapo Q iko mwisho na hakuna kitu kinaifuata. Hizo zitafute kivyake.

Hii ni homuwaki ya nyumbani. Gemu ikianza, simu iende mfukoni.

Mkubaliane kabla ya kuanza

Kuna orodha mbili kubwa. Marekani na Kanada wana yao, na sehemu kubwa ya dunia hutumia Collins, ambayo ina maneno mengi zaidi. Wellington Jighere wa Nigeria alipochukua ubingwa wa dunia 2015 kule Perth, Australia, walicheza na Collins. Maneno yote hapa juu yako kwa Collins. Msipokubaliana mapema, utaweka WAQF, mtu apinge, na ikikataliwa unarudisha herufi zako na zamu imeenda.

Kama kichwa kimejaa leo, shika manne tu: QI, QAT, SUQ na QADI. Nguvu ya Mchina, miraa, soko na kadhi. Na ukiona I iko wazi kwa bodi na Q iko mkononi, usingoje U.