Kanyaga, Shikilia

Kabla sijajua kuendesha gari, nilijua maneno mawili ya gereji: kanyaga, shikilia. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba mdogo alikuwa na Peugeot 504 stesheni ya 1982, na kila klachi ilipokataa tuliipeleka kwa fundi wake hapa Bondeni, Nakuru. Fundi aliingia chini ya gari, mimi nikabaki kwenye kiti cha dereva kumkanyagia.

Klachi ya 504 haivutwi na waya. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu hadi silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi. Hiyo ndogo inasukuma uma, klachi inaachia, gia inaingia. Mafuta hayabonyezeki; hewa hubonyezeka. Raba za silinda zikichoka, mafuta yanavuja, hewa inaingia, na pedali inazama bila kufanya kazi. Ukitia oili ya injini ili uokoe pesa, raba zinavimba na unanunua hasara.

Haya magari hayakuletwa na upepo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Watu walikuwa wameyaona yakipita kwenye tope lao wenyewe. Stesheni zake zikawa gari za abiria wa safari ndefu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, biashara ikapanuka. Na gari la abiria likilala siku moja, nyumbani hakuna nauli ya kuhesabu. Lazima liamke jioni hiyo hiyo, na si kwa vipuri vya kungojea meli.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Ndiyo iliyosambaza duniani jina "sekta isiyo rasmi". Ilisema hawa watu wanazalisha, tena kwa faida, lakini serikali inawasumbua badala ya kuwasaidia. Miaka 20 baadaye, 1992, serikali ikachapisha sera ya jua kali. Sawa. Ila hakuna sera inayoeleza jinsi fundi anavyopitisha kidole ndani ya silinda kutafuta vishimo vya kutu. Akivikosa, anapiga msasa laini na kuweka raba mpya. Akivipata, anakwambia ukweli: hii itavuja tena, tafuta silinda nyingine. Hiyo elimu inakaa kwenye kidole, na kidole kinazeeka.

Siku hizi hiyo 504 ni yangu. Juzi pedali ilizama, nikairudisha kwa fundi yule yule. Mgongo wake haumruhusu tena kulala chini, na hana mwanafunzi.

"Ingia wewe," akaniambia. Akakaa kwenye kiti cha dereva.

Nikalala juu ya katoni, spana mkononi. Yeye akapiga pampu mara tatu, akashikilia. Nikafungua nipo; mafuta yakatoka na mapovu. Nikapiga kelele, "Achilia, Mzee!" Lakini nilikuwa sijafunga. Pedali iliporudi, ikavuta hewa yote ndani tena.

"Funga kwanza, ndio niachilie," akasema kutoka juu. "Si ulikanyaga hapa miaka yote hiyo? Hukuwahi kuuliza huku chini nilikuwa nafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani kazi yangu ni mguu tu.

Tukaanza upya. Pampu, shikilia, fungua, funga, achilia. Ongeza mafuta kwenye chupa kabla hayajaisha. Saa nzima ilipita kabla mapovu hayajakoma. Gia ya kwanza ikaingia bila kukwaruza.

Jumamosi ijayo ana gari lingine la klachi. Ameniambia nije mapema, na nije na mtoto wa dada yangu wa kukanyaga. Huyo nitamwambia ashuke pia, aangalie huku chini.